Kabla hujachimba bwawa la kamba

Wengi wanaoulizia ufugaji wa kamba huanza na bei. Wameona kamba wakubwa wakipimwa kwenye mzani pale soko la Feri, Dar es Salaam, au wakipangwa juu ya barafu Mombasa, wakazidisha kilo kwa shilingi, na jumla yake ikawanyima usingizi. Hesabu yenyewe si mbaya, ila imeanzia mkiani. Kamba wa bwawani huamuliwa na mambo matatu ambayo ukishachimba ni kazi ngumu kuyarekebisha: udongo, jinsi maji yanavyoingia na kutoka, na mahali utakapopata vifaranga. Namwandikia hapa mtu mwenye eneo la bwawa moja au mawili, tuseme kati ya Lamu na Mtwara, asiye na jenereta ya kuendesha mashine usiku kucha.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyeukubali asipoteze muda wake. Mfugaji wa namna hiyo aweke kamba wawili mpaka watatu kwa kila mita ya mraba, asizidishe, na achanganye na samaki aitwaye mwatiko. Anayekushauri uweke ishirini katika bwawa la udongo lisilo na mashine ya kuongeza hewa, mwangalie vizuri. Huenda anauza vifaranga, au chakula, au vyote viwili.

Kazi hii si ngeni pwani kwetu. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mradi wa serikali ya Kenya pamoja na FAO na UNDP ulianza kufuga kamba mwaka 1978. Kisiwani Mafia kampuni ya Alphakrust imefuga kamba wa milia kibiashara. Na mwishoni mwa miaka ya 1990 delta ya Rufiji ilinusurika kupata shamba la kamba lililokusudiwa kuchukua hekta zipatazo 10,000: wakazi walipinga, wengine wakaenda mahakamani, na shamba halikujengwa. Kwingineko walijenga kwanza, wakajifunza baadaye. Taiwan ilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani mwaka 1987. Mwaka uliofuata mavuno yaliporomoka kwa magonjwa, katika mabwawa yaliyosongamana kamba na kujaa uchafu wao. Thailand na Ufilipino kuna mabwawa mengi yaliyochimbwa ndani ya mikoko na leo hayafugwi kitu. Hayo yametokea kwa watu wenye wataalamu, maabara na mikopo kutushinda.

Kwa hiyo tuanze na mikoko. Usichimbe humo. Tanzania Bara mikoko yote ni hifadhi ya misitu, na Kenya ilitangazwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Mtu anayekata apate bwawa anatafuta kesi. Lakini hata sheria ingelala, udongo usingelala. Tope la mikoko limekaa chini ya maji miaka mingi bila kupata hewa, na humo chuma na salfa vimeungana vikatulia. Ukilichimbua na kulirundika juani liwe tuta, hewa inaingia, na kile kilichotulia kinageuka kuwa asidi ya salfa, ileile inayotiwa kwenye betri za magari. Mvua ya kwanza inapopiga tuta, asidi inachuruzika bwawani. Mwenye bwawa anaamka, anakuta maji yamekuwa maangavu ajabu, yana rangi ya kutu pembezoni, na kamba wamelala chini. Atadhani wametiliwa sumu na jirani. Nimesikia ugomvi wa namna hiyo zaidi ya mara moja, na mara zote tuta lilikuwa na mabaka ya manjano iliyopauka, ambayo ndiyo saini ya udongo huo.

Kuupima si ghali. Chimba mashimo kadhaa ya kina cha mita moja sehemu mbalimbali za eneo lako. Chukua tope la kila kina, lipime pH siku hiyohiyo kwa karatasi za kupimia, kisha litandaze jembamba kwenye sahani au kifuko, uliache kivulini likiwa na unyevunyevu kwa wiki sita mpaka nane. Lipime tena. Likianza na 7 likashuka chini ya 4, achana na eneo hilo, hata kama ni la babu yako. Wiki nane zinaonekana nyingi kwa mtu mwenye hamu, lakini ni chache kuliko miaka ya kumwaga chokaa kwenye bwawa lisiloshiba.

Na ikiwa bwawa hilo unalo tayari? Hapo ushauri wa kawaida hukugeukia. Vitabu vingi husema kausha bwawa mpaka lipasuke nyufa. Kwa udongo wa asidi, kila ukaushapo kwa kina unaipa hewa salfa mpya. Likaushe juujuu tu, lijaze, liache siku kadhaa, lifungulie maji yote yatoke, urudie mara nne au tano mpaka pH ya maji yanayotoka ikae juu ya 6. Matuta yamwagie chokaa na uyapande nyasi zinazostahimili chumvi, ili mvua isiyachubue.

Eneo ninalolipenda ni zile tambarare tupu za chumvi zilizo nyuma ya mikoko, upande wa nchi kavu, ambako haioti miti na maji hufika wakati wa bamvua tu. Mikoko ikibaki mbele yako inakukinga na mawimbi, na inayachuja maji machafu unayoyatoa. Tatizo lake ni hilohilo la maji kufika kwa nadra. Pwani yetu bamvua kubwa hupandisha na kushusha bahari zaidi ya mita tatu. Maji mafu tofauti haifiki hata nusu yake. Ukitegemea bamvua peke yake utabadilisha maji siku chache, kisha ungoje wiki nzima na zaidi. Kabla ya kuchimba, simamisha fito zenye alama kwenye eneo lako na kwenye mkondo unaolifikia, uziangalie mwezi mzima, kupwa na kujaa, mwezi mchanga na mwezi mpevu. Andika maji yalifika wapi.

Unachotafuta ni kimo cha sakafu ya bwawa. Sakafu iwe juu ya maji ya kupwa kiasi kwamba ukifungua lango bwawa linajikausha lote bila msaada. Watu wengi huwaza namna ya kulijaza, wakasahau namna ya kulimwaga. Bwawa linalohitaji pampu kujaa lina gharama ya mafuta, basi. Bwawa lisiloweza kukauka lina kila tatizo: huwezi kuua samaki walao kamba, huwezi kutoa tope jeusi, na siku ya kuvuna utazunguka na nyavu kiunoni ukipata nusu ya kamba wako. Ikibidi kuchagua, chagua la juu.

Udongo uwe wa mfinyanzi. Finyanga tonge la udongo mbichi, lirushe juu ulidake. Likibaki tonge ni dalili njema. Kisha chimba shimo la kufika kiunoni, lijaze maji jioni, lifunike kwa makuti, ulitazame asubuhi. Likiwa limenywewa nusu, bwawa lako nalo litanywewa. Ukubwa wa kuanzia ni mita za mraba 1,000 hadi 2,000. Kina cha maji kisipungue sentimita 80, na mita moja ni bora zaidi. Mabwawa mengi ya vikundi pwani ni mafupi mno, maji yanafika magotini, kwa sababu yalichimbwa kwa majembe na watu wakachoka. Maji ya magotini huchemka mchana na kupoa usiku, na kamba hapendi kabisa kuyumbishwa hivyo. Anakua vizuri kwenye nyuzijoto 28 hadi 32.

Lango la maji lisiwe tundu la bomba tu. Lijengwe kwa saruji, liwe na mifereji mitatu ya kusimika: mmoja wa fremu ya wavu, miwili ya mbao zinazopangwa moja juu ya nyingine, katikati unashindilia mfinyanzi. Faida ya mbao utaiona wakati wa mvua, nitaieleza.

Mwenye mashamba ya chumvi, Bagamoyo, Tanga au Mtwara, ana bahati ambayo mara nyingi haitumii. Bwawa lake la kwanza, lile la kupokea maji ya bahari kabla hayajaanza kukolea, ni bwawa la samaki lililokwisha kuchimbwa. Aongeze kina, aweke wavu langoni, aanze na mwatiko msimu mmoja kujua linavyoshika maji.

Vibali nitavipita haraka. Nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya au kaunti, uliza juu ya tathmini ya athari kwa mazingira, NEMC kwa Tanzania Bara na NEMA kwa Kenya, na pata maandishi ya serikali ya kijiji au ya BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe. Halafu kaa na kina mama wanaopita eneo hilo kwenda kuokota chaza na kutanda dagaa. Njia yao uiache wazi. Bwawa lililofunga njia ya watu huibiwa, na mwizi hatajwi na yeyote.

Sasa vifaranga, na hapa ndipo miradi mingi hufia. Kamba wa milia, Penaeus monodon, ndiye mkubwa na ndiye mwenye bei, lakini anataka maji ya chumvi ya wastani, gramu 15 mpaka 25 kwa lita. Huyo ni wa jirani na midomo ya mito: Rufiji, Ruvu, Pangani, Sabaki, Tana. Katika hori lisilopata maji baridi, ambako kiangazi chumvi hupita ile ya bahari, yaani 35, hudumaa. Huko kamba mweupe, Penaeus indicus, anastahimili zaidi, ingawa haji kuwa mkubwa kama mwenzake.

Vituo vya kutotolesha kamba pwani yetu ni vichache mno. Kituo cha Beit el Ras, Unguja, kimejikita kwenye mwatiko, kaa na majongoo bahari. Kwa hiyo usichimbe kabla hujajua kwa jina na kwa tarehe nani atakuuzia vifaranga vya kamba. Kutanda vifaranga kutoka baharini kunawezekana, wengi hufanya hivyo kwa chandarua nyakati za bamvua, lakini kila kifaranga kimoja cha kamba kinakuja na wadudu na vitoto vya samaki wengi wanaotupwa mchangani wakafa, na ukivimimina vyote bwawani umejipandia maadui. Anayetanda achambue ndani ya beseni la maji, palepale ufukweni, na asiowataka awarudishe wakiwa hai.

Ukinunua kituoni, uliza kama mama zao walipimwa virusi kwa kipimo cha PCR. Kisha jaribu mwenyewe. Tia vifaranga kama mia kwenye beseni, zungusha maji kwa mkono. Wenye afya watashindana na mkondo na kushika kingo. Wanyonge watakusanyika katikati. Chukua mia wengine, uwatie ghafla kwenye maji yenye nusu ya chumvi waliyozoea, usubiri nusu saa hadi saa moja. Wakifa zaidi ya kumi, usilipe. Wawe wamefikisha siku 15 au zaidi tangu wawe vifaranga kamili. Na siku mbili kabla ya kuleta wote, weka mia mbili ndani ya kizimba cha wavu katika bwawa lako, kisha uwahesabu. Ni jaribio dogo linalorukwa na kila mtu mwenye haraka, nalo lingeokoa pesa nyingi.

Siku ya kuwaleta, waje alfajiri au jioni. Mifuko ielee bwawani kwanza ili joto lilingane, kisha changanya maji kidogokidogo. Chumvi isibadilike zaidi ya gramu tatu kwa lita kwa saa moja. Ikiwa kituo kina 32 na bwawa lako 17, hiyo ni kazi ya saa tano. Bora umwombe mwenye kituo aanze kuwashusha siku mbili kabla.

Kabla ya hapo bwawa litakuwa limekaushwa, ukiacha lile la asidi niliyoieleza, tope jeusi linalonuka mayai viza limezolewa, na madimbwi yaliyosalia yamekaushwa kwa ndoo, maana ndimo samaki walao kamba hujificha. Weka chokaa ya kilimo, tani moja hadi mbili kwa hekta kwa udongo usio mkali, sawa na kilo 200 hadi 400 kwa bwawa la mita za mraba 2,000. Ingiza maji kupitia wavu mwembamba sana, maana mayai ya samaki hupita kwenye tundu lolote la kawaida. Samadi ya kuku iliyokauka, ikitiwa kwenye viroba vilivyotobolewa na kuning'inizwa majini, italeta ukijani. Ukijani huo ndio chakula cha mwezi wa kwanza. Usiwe na pupa ya kulisha wakati huo.

Maji husomwa. Kata bamba la bati la mviringo, upana sentimita 20, ligawe robo nne upake nyeupe na nyeusi, ulifunge kwenye fimbo yenye vipimo. Litumbukize saa nne asubuhi mpaka lisionekane. Likipotea kwenye sentimita 30 hadi 40, maji yana rangi njema. Likipotea kabla ya 20, mwani umezidi: punguza chakula, badilisha sehemu ya maji. Likionekana mpaka sakafuni, ongeza samadi, na upime pH, ambayo ikae kati ya 7.5 na 8.5.

Mwani mchana hutoa oksijeni, usiku huivuta pamoja na kamba, hivyo saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa ya hatari. Mfugaji anayelala mpaka jua litoke hajui bwawa lake. Nenda na tochi. Macho ya kamba hung'aa mekundu. Yakiwa yametawanyika sakafuni, mshukuru Mungu ukanywe chai. Wakiwa wamejipanga juu ya maji kando ya tuta, oksijeni imekwisha. Ingiza maji mapya ikiwa bahari imejaa. Ikiwa imekupwa, washa pampu uyarushe maji ya bwawa lenyewe hewani yadondokee humohumo. Siku hiyo usilishe.

Hapo ndipo wingi wa kamba unapokuja kudai. Katika mita za mraba 2,000, kamba watatu kwa mita ni vifaranga 6,000. Wakipona asilimia 60, unao 3,600. Wakifika gramu 25 kila mmoja, ni kilo 90. Chakula chao kwa msimu mzima, kwa kuwa bwawa linawalisha nusu, kinaweza kuwa kama kilo 100. Weka ishirini kwa mita: vifaranga 40,000, mavuno kwa hesabu ileile kilo 600, na chakula kilo 900 au zaidi. Sehemu kubwa ya chakula hicho haigeuki nyama. Inabaki sakafuni kama mavi na mabaki, inaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Bahari ya bamvua haitaosha bwawa hilo. Kwa hiyo ile hesabu ya kilo 600 ni ya karatasini, na kwa kawaida huishia mwezi wa tatu kamba wakiwa na gramu nane.

Kuanzia mwezi wa pili, lisha. Chakula kiwe na protini ya asilimia 35 hadi 40. Kamba wadogo wa gramu moja au mbili hula karibu asilimia 10 ya uzito wao kwa siku, wakubwa wa gramu 20 asilimia tatu tu. Lakini usimlishe kamba kwa jedwali. Mlishe kwa sinia. Tengeneza fremu mbili tatu za wavu, tia konzi ya chakula, zishushe sakafuni, uzipandishe baada ya saa mbili. Chakula kimebaki? Kesho punguza. Kimekwisha na utumbo wa kamba umejaa mstari mweusi? Sawasawa. Mgao mkubwa uwe wa jioni, kwani kamba ni kiumbe wa usiku.

Chakula unaweza kukisaga mwenyewe: dagaa wakavu wasiofaa mezani karibu nusu, mashudu ya alizeti, pumba laini za mpunga, na uji mzito wa muhogo wa kugandishia, kisha ukamue vijiti kwa mashine ya kusagia nyama na kukausha kivulini. Kamba hula kwa kudonoa, hivyo kitie kwenye gilasi ya maji kwanza. Kikisambaratika kabla ya saa moja, unarutubisha mwani. Vichwa vya kamba, kaa wabichi na utumbo wa samaki usitie kamwe.

Sababu ni ugonjwa wa madoa meupe. Virusi vyake viligunduliwa kwenye mashamba ya Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, na hasara ilikuwa kubwa. Jirani hao hawako mbali nasi. Dalili zake ni kamba kuacha kula ghafla, kuogelea kingoni mchana, mwili kuwa mwekundu, na madoa meupe ndani ya gamba la kichwa. Ndani ya siku tatu mpaka kumi bwawa zima linaweza kufa. Dawa hakuna, na antibayotiki hazifanyi kitu kwa virusi, zaidi ya kukunyima soko. Kama kamba wamefika ukubwa wa kuuzwa, wavue upesi: binadamu hadhuriki kwa kuwala. Lakini lango lifungwe. Ukimwaga maji hayo horini umewapelekea kaa, na kaa watampelekea kila mwenye bwawa. Tia klorini, acha maji ndani wiki kadhaa, wafu wafukie mbali, toa taarifa ofisi ya uvuvi. Nyavu zako usimwazime jirani, wala usiazime zake. Na mashimo ya kaa kwenye matuta uyazibe kila wiki, maana kaa hutoboa tuta na hubeba virusi bila yeye kuugua.

Mvua kubwa ndiyo adui wa pili. Maji ya mvua ni mepesi, hukaa juu ya yale ya chumvi kama shuka. Hapo mbao za lango zinafaa: toa ubao wa juu peke yake, maji baridi yateleze nje, ya chumvi yabaki. Siku nyingine, ukitaka kutoa maji machafu ya sakafuni, nyanyua mbao za chini. Mwenye tundu la bomba hana uchaguzi huo.

Mwatiko ninayemsisitiza si pambo. Hula mwani na ukungu wa sakafuni, hali kamba, na huvumilia chumvi ambayo kamba angeikimbia. Katika bwawa letu la mita za mraba 2,000 weka 300 hadi 400, wakiwa na urefu wa kidole ili wasiliwe na ndege. Baada ya miezi mitano sita watakuwa na robo kilo kila mmoja, na hata kama kamba wote wamekufa una kitu cha kupeleka sokoni. Wataalamu wa mashamba makubwa huona mchanganyiko huu ni mambo ya kizamani. Waache.

Juu ya wezi: chomeka matawi makavu yenye miiba huku na huku bwawani tangu mwezi wa kwanza. Kimia kikirushwa kinanasa, na kamba aliyejivua gamba anapata pa kujificha kwa wenziwe, ambao humla akiwa laini. Miezi miwili ya mwisho mtu alale bwawani.

Mavuno yaamuliwe na gamba na mnunuzi. Kamba wengi hujivua karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu, na wakiwa laini bei inaanguka. Vua kamba mia kwa sinia au kimia: wakizidi watano wenye gamba laini, ngoja siku tatu nne. Mnunuzi na barafu vipatikane kabla lango halijafunguliwa. Fungua usiku, maji yakipwa, mfuko wa wavu ukiwa langoni. Kamba wenyewe hufuata mkondo. Watie papo hapo kwenye pipa la maji na barafu nusu kwa nusu wafe kwa baridi, kisha wapange na barafu tupu, kilo kwa kilo angalau. Wakiachwa juu ya turubai wakisubiri gari, vichwa vinaanza kuwa vyeusi, na mpishi wa hoteli hatakupokea mara ya pili. Watenge kwa ukubwa. Wa thelathini kwa kilo wasichanganywe na wa hamsini.

Kuhusu fedha, piga hesabu ya gharama zote za taslimu za msimu, yaani vifaranga, chakula, chokaa, mafuta ya pampu, mlinzi, barafu. Kisha usiilinganishe na kilo 90. Ilinganishe na kilo 45, yaani kamba wakipona asilimia 30 tu. Kama kilo hizo, kwa bei ya kwenu, hazirudishi taslimu uliyotoa, punguza gharama au usianze. Mkopo wa kuchimbia bwawa la kwanza sikushauri. Na bwawa moja la namna hii halitamwachisha mtu uvuvi, minazi wala duka. Ni kazi ya kuongezea juu ya nyingine, yenye saa yake ya alfajiri isiyosamehewa.

Kwa kalenda, pwani ya kaskazini na kati ninapendelea vifaranga vya kamba viingie mwishoni mwa Septemba, kusi likipungua na maji yakianza kupata joto. Vuli haitikisi sana bwawa lenye lango zuri. Kamba watakuwa tayari Januari au Februari, kabla masika hayajafika. Machi kausha, zoa tope, rekebisha matuta. Masika yakianza, weka mwatiko peke yao, chumvi ipande au ishuke wao hawajali. Kamba wangoje Septemba nyingine.